Kununua miche ya uzio mjini Goma: udongo kwanza, mche mwisho

Anayetaka kuzungushia kiwanja chake uzio wa miti mjini Goma kwa kawaida huanza kwa kwenda kutazama miche. Huipenda kwa majani yake, hupatana bei, hulipa, na miche ikishafika nyumbani mchimbaji hugonga mwamba kabla jembe halijazama hata kiasi cha kiganja. Hapo ndipo mwenye kiwanja anapogundua kwamba miche ilikuwa gharama ndogo kuliko zote, na kwamba aliinunua kwa ajili ya ardhi ambayo yeye hana. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa kinyume: ardhi kwanza, kisha maji, kisha aina ya mti, na safari ya kitaluni mwishoni, wakati ambapo mnunuzi tayari anajua anataka miche mingapi, ya kimo gani, na ya kupandwa mwezi upi.

Kupima ardhi

Goma imekaa juu ya lava za umri mbalimbali, na umri huo ndio unaoamua mengi ya yanayofuata. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliteremka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo, ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama upande wa kaskazini, katika eneo la Buhene. Aliyejenga juu ya lava hizo ana mwamba mweusi wenye ncha ambao haujapata muda wa kugeuka udongo, na hata magugu huota tu katika nyufa zilizokusanya vumbi. Kwenye lava za zamani zaidi, kwa mfano katika mitaa ya Himbi na Keshero, mara nyingi kuna udongo mweusi kati ya mawe, wenye rutuba nzuri sana, ila kina chake hubadilika ndani ya kiwanja kimoja: hatua tatu jembe linazama, hatua mbili zinazofuata ni mwamba mtupu.

Kwa sababu hiyo usikisie. Chukua mtaimbo, kamba na vijiti. Tafuteni kwanza alama za mpaka, yaani boni, wewe na jirani mkiwa pamoja, kisha nyosha kamba kiasi cha nusu mita ndani ya mpaka, kwa kuwa uzio uliokomaa hupata unene wa karibu mita moja, na matawi yanayolala upande wa pili huleta maneno. Piga mtaimbo chini kila baada ya mita moja kufuata kamba hiyo. Pale unapozama zaidi ya sentimita 40, chomeka kijiti kirefu. Pale unapogonga jiwe mapema, chomeka kifupi. Ukimaliza, rudi nyuma utazame mstari wako: vijiti vitakuonyesha sehemu za kuchimba kwa jembe, sehemu za kuvunja kwa sururu na nyundo, na sehemu ambazo kuvunja hakuna faida. Angalia pia mabomba ya maji, ambayo hapa mengi hupita juujuu kwa sababu ya mwamba uleule, na ambayo mtaimbo huyatoboa kwa urahisi.

Mahali penye mwamba mtupu, njia iliyo bora ni kupanda juu badala ya kuchimba chini. Jenga kingo mbili za mawe ya lava, ambayo hayakosekani, zenye kimo cha sentimita 40 na nafasi ya sentimita 50 kati yake, kisha jaza udongo. Kingo hizo hazihitaji saruji. Mawe yakipangwa kwa kufungamana, maji ya ziada hutoka yenyewe. Wengine hukodisha vijana wavunje lava hadi kina cha mita, na mimi huona kwamba fedha hiyo ingenunua udongo mara mbili.

Shimo likiwa tayari, limiminie ndoo nzima ya maji kabla hujaweka udongo. Maji yakishuka polepole, vizuri. Yakipotea mara moja kwa sauti ya kunywewa, chini kuna ufa, na ufa huo utakunywa pia udongo wako, kidogo kidogo kwa kila mvua, hadi mizizi ibaki hewani bila wewe kuona chochote kwa juu isipokuwa mche unaonyauka katikati ya masika. Ziba ufa kwa mawe madogo kwanza, juu yake changarawe ya lava, na juu ya changarawe tabaka la majani makavu. Usimwage saruji, kwa sababu maji yatakayotuama yataozesha mizizi.

Sasa fanya hesabu. Tuchukue kiwanja cha mita 15 kwa 20, ambacho mzunguko wake ni mita 70. Ikiwa upande mmoja wa mita 20 tayari una ukuta wa jirani, na lango linachukua mita 4, umebaki na mita 46 za uzio. Mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40 kwa urefu huo unameza zaidi ya mita za ujazo 7 za udongo, na udongo hushuka baada ya mvua za kwanza, kwa hiyo agiza 8. Hilo ni jambo la lori, si la mifuko. Mashimo ya mmojammoja hayapunguzi sana kiasi hicho, maana kwa nafasi ya nusu mita mashimo hukaribia kugusana. Mtaro ni rahisi zaidi kuchimba na mizizi huenea vizuri zaidi ndani yake.

Udongo wa lori nao huchunguzwa kabla haujamwagwa. Panda juu, chimbua kwa mkono hadi katikati, kwa sababu tabaka jeusi la juu mara nyingine huficha udongo mgumu wa chini. Ukibanwa kiganjani ukiwa na unyevu kidogo, unapaswa kushikana na kisha kumeguka unapousukuma kwa kidole. Kataa wenye vipande vya plastiki, chupa na betri, ambao umetoka jalalani hata kama rangi yake inavutia. Changanya sehemu tatu za udongo na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, isiyonuka tena. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga.

Kwa wanaokaa magharibi mwa mji, kwenye ukanda wa ziwa unaoelekea Sake, kuna tahadhari moja ambayo haihusu mimea tu. Katika mabonde na mashimo ya ukanda huo hujikusanya mazuku, yaani hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka ardhini, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na imeua watu na mifugo. Huwa kali zaidi usiku na alfajiri, kabla upepo haujaanza kuvuma. Ikiwa majirani wanasema kwamba kuna sehemu ambapo kuku au mbuzi hufa bila ugonjwa, usichimbe hapo, usimtume kijana achimbe, na uwaulize wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kabla ya kazi yoyote. Hata mahali pasipo na dalili, katika ukanda huo acha mtaro uwe wa kina kifupi na kazi ifanyike jua likiwa limepanda.

Hesabu ya maji

Mvua ya Goma huzama katika lava na kupotea. Hakuna mto unaopita mjini, na maji ya matumizi hutoka ziwani au kwenye matangi ya mvua. Mche mchanga unahitaji takriban lita 2 kila mara ya kumwagilia, mara mbili kwa wiki, katika kiangazi chake cha kwanza. Kwa miche 90 hivi, yaani mita 46 zikipandwa kwa nafasi ya nusu mita, hiyo ni lita 360 kwa wiki, sawa na bidoni (madumu) 18 za lita 20, na kila familia ya Goma inajua bidoni 18 maana yake ni nini pale bomba linapokauka. Ikiwa idadi hiyo haiwezekani kwako, usiache mpango. Badilisha aina ya mti, au panda upande mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao.

Kiangazi kirefu huanza Juni na kuishia Agosti, na kuna kipindi kifupi cha mvua kidogo karibu na Januari na Februari. Wakati mzuri wa kupanda ni Septemba mvua zinapokwisha kushika, kwa kuwa mche unapata miezi kadhaa ya kuotesha mizizi. Machi unafaa kwa aina zinazovumilia ukavu, lakini mche uliopandwa Mei utategemea bidoni zako tangu siku ya kwanza.

Mti upi kwa uzio wa kazi gani

Jiulize uzio unatakiwa kufanya nini. Kuzuia mbuzi na wapita njia ni kazi moja. Kuficha ua usionekane kutoka barabarani ni nyingine. Kupendeza ni ya tatu. Na hakuna mti mmoja unaofanya zote tatu vizuri juu ya sentimita 30 za udongo.

Sipresi ndiyo inayoombwa zaidi na wenye nyumba mpya, na ni kweli kwamba mwinuko wa Goma, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, unaifaa. Lakini sipresi ni mti mkubwa unaolazimishwa kuwa kichaka. Inahitaji kina: mimi singeipanda penye chini ya sentimita 60 za udongo, kwa sababu juu ya mwamba hukauka upande mmoja mmoja, au huangushwa na upepo ikiwa imefikia mita tatu. Pia haisamehe mkasi. Ukikata hadi ndani kwenye mbao za kahawia zisizo na majani, haichipui tena, na pengo hilo linabaki. Zaidi ya hayo, kuna mdudu mafuta wa sipresi aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kuenea mashariki mwa Afrika, ambaye hukausha matawi kuanzia ndani. Anayeitaka hata hivyo aipande kwa nafasi ya sentimita 80, aanze kuipunguza pembeni tangu mwaka wa kwanza, na akubali kazi hiyo maisha yote ya uzio.

Kwa mwamba na ukavu, mnyaa hauna mpinzani. Ni ule mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana, ambao wasemaji wa Kinyarwanda huuita umuyenzi, na ambao mifugo haiugusi. Huota kwa vipandikizi, kwa hiyo mara nyingi haununuliwi bali huombwa. Kipandikizi cha nusu mita huachwa kivulini siku kadhaa hadi jeraha lake likauke, kisha huchomekwa kwa nafasi ya sentimita 25. Ubaya wake ni utomvu mweupe, ambao ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Anayeukata avae glavu na miwani, na akirukiwa aoshe jicho kwa maji mengi bila kuchelewa na kwenda kwa daktari. Nyumba yenye watoto wadogo wanaochezea kila kitu, mimi huishauri iupande upande wa nyuma au isiupande kabisa.

Bugenvilia ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi. Inataka jua kamili, inavumilia udongo haba, inachanua zaidi ardhi inapokauka, na miiba yake hufanya kazi ya waya. Ina tabia ya kurefuka na kulala, kwa hiyo inahitaji nguzo na nyuzi mbili za waya katika miaka miwili ya mwanzo, na nafasi ya mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Nafasi hiyo pana ina faida ambayo wanunuzi husahau: mita 46 zinahitaji miche 40 hivi badala ya 93 ya nafasi ya nusu mita, na bidoni hupungua kwa zaidi ya nusu. Katika kiwanja cha lava ya 2002, na kingo za mawe nilizoeleza, sioni sababu ya kutafuta kitu kingine upande wa barabara.

Penye udongo wa kutosha, hibiskasi, akalifa na duranta hutoa uzio laini wa kupendeza unaokatwa mraba, kwa nafasi ya sentimita 40 hadi 50. Hazizuii mwizi wala mbuzi. Mbuzi hasa huona hibiskasi kuwa chakula chake. Matunda ya duranta, yale madogo ya rangi ya machungwa, yana sumu, na hilo muuzaji halisemi asipoulizwa. Olianda ina sumu kali zaidi katika kila sehemu yake, na sioni kwa nini ipandwe kwenye uzio wa familia wakati zipo nyingine.

Usiidharau mubirizi, ambayo kila bibi wa Kivu anaijua kwa uchungu wa majani yake na kwa tiba ya tumbo. Huchipua haraka kutokana na vipandikizi, hukatwa mara kwa mara bila kulalamika, na kwa bustani ya jikoni inatosha kabisa. Umuvumu, mti uliozungushia makazi ya zamani katika eneo letu, ni hadithi nyingine: mizizi yake hutafuta ufa na kuupanua, na katika kiwanja chenye tangi la maji la chini ya ardhi ni hatari ya kweli. Mikaratusi isipandwe kwenye uzio wa mjini. Lantana na alizeti mwitu huota bila kununuliwa na hutoroka bila kuruhusiwa. Alizeti mwitu, hata hivyo, hukatwa na majani yake kufukiwa mtaroni wiki chache kabla ya kupanda, kwa kuwa ni mbolea nzuri ya bure.

Kuna suala la moshi wa Nyiragongo. Upepo unapouelekeza upande wako, kama inavyowapata mara nyingi watu wa Rusayo, mvua huja na asidi na kuacha madoa ya kuungua kwenye majani. Majani laini na mapana huumia kwanza. Kabla ya kuchagua, tembea mtaani kwako baada ya mvua za namna hiyo na utazame nyua za wengine: mti uliobaki na majani yake mazima umekwisha kufanyiwa majaribio kwa niaba yako.

Ikiwa unahitaji kujificha mapema, nyosha waya kati ya nguzo na upandishe marakuja, yaani pasheni. Ndani ya msimu mmoja au miwili itakuwa imefunika waya, itakupa matunda, na itakapochoka baada ya miaka michache uzio wenyewe utakuwa umefunga. Ipande mita moja mbali na miche ya uzio isiinyang'anye mwanga.

Kitaluni

Nenda kitaluni ukiwa na karatasi yenye idadi, aina, kimo na mwezi wa kupanda. Nenda Julai au mapema Agosti, kabla mvua hazijawaleta wanunuzi wote kwa pamoja. Wakati huo muuzaji ana nafasi ya kukuandalia miche ya idadi yako kutoka kundi moja, na bei bado inazungumzika. Idadi yako iwe na nyongeza ya asilimia 10. Kwa uzio wa miche 93, nunua 102, na zile 9 za ziada uzitunze nyumbani kwenye vifuko vyake kwa ajili ya kujaza mapengo, kwa sababu mche utakaonunua mwaka ujao mahali pengine hautafanana na wenzake kwa rangi wala kwa kasi ya kukua.

Usivutwe na kimo. Mche wa mita moja wenye shina moja jembamba na shada la majani juu unaonekana kama uzio uliokwisha kuanza, lakini utabaki mtupu chini, ambako mbuzi na kuku hupita. Kwa uzio, mche wa sentimita 30 hadi 40 uliotoa matawi tangu karibu na udongo una thamani kubwa zaidi, na kwa bahati njema huuzwa kwa bei ndogo zaidi. Shina lake liwe nene kiasi cha kusimama bila kijiti. Majani ya chini yakiwa ya manjano kwenye mche mmoja si neno. Yakiwa ya manjano kwenye kundi zima, miche hiyo imeishiwa na chakula katika vifuko vyake.

Geuza majani utazame upande wa chini. Unga mweupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, au msafara wa sisimizi unaopanda shina, ni dalili ya wadudu wanaofyonza. Angalia pia uso wa udongo kwenye kifuko: majani membamba ya ndago yakichungulia, vitunguu vyake viko ndani, na ukishavipeleka kwenye udongo ulionunua kwa lori hutavitoa tena. Mimi hukataa kundi lote kwa ndago peke yake, hata miche ikiwa mizuri.

Kisha inua kifuko, ukikishika chenyewe wala si kwa shina. Kikigoma kuinuka, mizizi imetoboa plastiki na kuingia ardhini. Muuzaji ataikata, nawe utapeleka nyumbani mche ulioacha nusu ya mizizi yake kitaluni. Miche ya namna hiyo inunuliwe tu ikiwa muuzaji ataikata mizizi hiyo leo na kuibakiza kitaluni wiki mbili au tatu ikimwagiliwa kama kawaida, hadi ionyeshe kwamba imepona.

Jaribio lililo la hakika ni la kupasua. Mwambie muuzaji kwa heshima: «Mama, naomba tupasue mmoja, nami nitaulipia.» Muuzaji anayejiamini hukubali, na mara nyingi hakatai hata kukuachia uchague mwenyewe. Chagua wa katikati ya kundi, si wa pembeni. Pasua plastiki kwa wembe kutoka juu hadi chini na utazame. Udongo ukibomoka wote na kuacha mizizi michache mitupu, mche huo uliingizwa kifukoni juzi, na hautavumilia safari wala jua. Ukiona mizizi minene ya kahawia imejizungusha chini duara juu ya duara, mche umekaa kifukoni muda mrefu mno, na mizizi hiyo itaendelea kujizungusha hata ardhini. Unachotafuta ni bonge la udongo linaloshikana lenyewe, lililosukwa na mizizi myembamba yenye ncha nyeupe kila upande. Bei ya mche mmoja uliopasuliwa ni ndogo sana ikilinganishwa na miche 100 isiyojulikana.

Uliza mambo matatu zaidi. La kwanza ni kama miche ilitokana na mbegu au vipandikizi, kwa kuwa vipandikizi vya mama mmoja hufanana, na uzio hupendeza kwa kufanana. La pili ni kama imekaa kivulini; ikiwa ndivyo, ipunguziwe kivuli taratibu kwa wiki moja au mbili kabla ya kupandwa juani. La tatu ni ilikotoka. Miche inayovushwa mpaka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, inapaswa kuwa na cheti cha afya ya mimea, na sheria hiyo ina sababu: mnyauko wa migomba ulipoonekana Masisi mwaka 2001 ulienea katika Kivu ya Kaskazini na kuwaachia wakulima mashamba yaliyooza. Mwenye kitalu aoshe visu na mikasi yake kwa maji ya klorini anapohama kutoka mmea hadi mmea, nawe ukimwona akifanya hivyo umepata muuzaji wa kurudi kwake.

Kuhusu malipo, patana kwa idadi yote pamoja, ukikubaliana mapema kama ni kwa faranga au kwa dola, na kwa kiwango gani cha kubadilisha. Toa sehemu ya fedha kama arubuni, andikeni kwenye karatasi aina, idadi, kimo na siku ya kuchukua, na umalizie baada ya kuhesabu. Muuzaji akitaka fedha zote mwezi mzima kabla, tafuta mwingine.

Kutoka kitaluni hadi mtaroni

Miche imwagiliwe jioni ya siku inayotangulia, isafirishwe asubuhi. Chukudu, yaani baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo isiyo na pedali, ni chombo kizuri kwa kazi hii kuliko pikipiki, kwa sababu hubeba vifuko vikiwa vimesimama na haivitii upepo mkali unaokausha majani. Pangeni vifuko vikibanana, mfunike kwa gunia lililolowa, na mwenye chukudu asiviegemeze juu ya mashina. Kwa gari, funga turubai. Ikifika, iweke kivulini na uipande ndani ya siku mbili au tatu.

Upandaji wenyewe hauna siri. Ondoa plastiki yote, hata ile ya chini. Udongo ufike pale pale ulipofikia kwenye kifuko, usizike shina. Kanyaga kwa kiasi, mwagilia siku hiyo hiyo hata kama mvua inanyesha. Kisha, isipokuwa kwa sipresi, kata theluthi moja ya juu ya kila mche. Wenye viwanja huona uchungu kufanya hivyo baada ya kulipa, lakini mkato huo ndio unaoulazimisha mche kutoa matawi chini, na uzio usiokatwa mwaka wa kwanza huwa na matundu ambayo mkasi wa mwaka wa tatu hauyazibi. Tandaza nyasi kavu au maganda ya maharage juu ya udongo, na juu yake mawe madogo ya lava ili upepo usiyapeperushe. Unyevu utakaa kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya miezi miwili pita kwenye mstari na uhesabu iliyokufa. Mche mmoja hapa na mmoja kule ni kawaida, na ile ya ziada inachukua nafasi zake. Ikiwa imekufa mitatu au minne kwa mfululizo, usipande tena kabla ya kuchimbua: mara nyingi utakuta udongo umeshuka ndani ya ufa ambao haukuzibwa vizuri, na hapo kinachohitajika kwanza ni changarawe, kisha udongo, na mche mpya usubiri hadi maji ya ndoo yashuke polepole.